Kizuka wa Wadi Kabir

Mnaniuliza watazamaji wanataka nini. Kila kijana anayekuja kunitembelea na simu mkononi, ameandika kijimchezo chake cha dakika chache na anataka watu wakitazame, swali lake ni hilo hilo. Mimi nimeandika tamthilia moja maisha yangu yote ya kazi na nimestaafu bila ya kulijua jibu. Wenzangu wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nimetoka na mshangao. Kwa hivyo nitakusimulieni niliyoyaona, na mkiweza kuyapanga yakaleta maana, njooni mnifahamishe na mimi.

Tamthilia yenyewe tukiiita Nyumba ya Pembeni. Jina lake rasmi lilikuwa la Kiarabu, refu, na hakuna aliyekuwa na haja nalo. Ilikuwa habari ya familia moja iliyokaa nyumba ya kona, sehemu moja kila wiki. Tukirikodi Wadi Kabir, mtaa mmoja wa mji wetu huku nchi ya Kiarabu, kwenye bohari lililokuwa zamani la kutengenezea viyoyozi, katikati ya magereji. Sebule ya familia ilikuwa na kuta tatu za mbao, na nyuma ya mbao hizo mafundi wa jirani wakigonga mabodi ya magari kutwa nzima. Mwongozaji wetu, Ustadh Hilal, alikwenda kuwaomba wapunguze. Wakamwambia kwa adabu kwamba wao walikuwapo pale kabla yake. Basi tukawa tunarikodi wakienda kula, na ndio maana watu wa Nyumba ya Pembeni wakizungumza mbio mbio. Gazeti moja liliandika kwamba huo ni mtindo mpya wa uigizaji, na sisi hatukulikatalia.

Mwanzoni hakuna aliyetutazama. Familia ilikuwa ya kitajiri, ikizungumza Kiarabu cha vitabuni, na hata ukimwomba mtu chumvi unamwomba kwa irabu zake zote. Mama yangu mwenyewe aliyenizaa akibadilisha stesheni mbele ya macho yangu. Nikimwambia, "Mama, hii ndiyo kazi yangu," akinijibu, "Nnajua, mwanangu. Mungu akubariki. Hebu nipishe nione Waturuki."

Kilichotuokoa kilikuwa birika. Aliyecheza mama wa nyumba, Bi Asya, alikuwa Bi Moza, shangazi yake Hilal. Hakuwa mwigizaji. Wanawe walikuwa wameoa na kuolewa, nyumba yake ya Darsait imenyamaza, na siku moja alimletea Hilal chakula cha mchana akakuta mwigizaji hakufika. Hilal akamsimamisha mbele ya kamera kwa siku ile moja tu. Katikati ya maneno yake ya Kiarabu mazuri akashika birika la moto, akaligeukia kwa Kiswahili: "Mwana hizaya wee, umeniunguza." Kisha akarudi kwenye Kiarabu kama hakuna lililotokea. Hilal alitaka kukata, mafundi wakawa washarudi kazini, hakukuwa na nafasi ya kurudia. Ikaenda hivyo hivyo.

Wiki ile simu ya ofisi haikupumzika. Watu wa makwetu, wale ambao wazee wao walitoka Unguja, walipiga kuuliza yule mama ni nani na ni wa ukoo gani. Hawakuuliza habari ya hadithi hata kidogo. Kumbe nyumba nzima nzima zilikuwa zinasubiri kumsikia mtu anagombana na birika kama wanavyogombana wao. Tangu siku hiyo Bi Asya akazungumza Kiarabu na wageni, na Kiswahili jikoni na akikasirika. Mimi nilikuwa mpiga chapa tu, nikaambiwa niandike Kiswahili cha jikoni, na jikoni mle sikutoka tena.

Bi Moza ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia, "Raya, usiniingize mlangoni mikono mitupu. Mwanamke wa kwetu haingii chumbani mikono mitupu, japo awe anarudisha bakuli." Likamateni hilo, vijana, maana ndilo la maana kuliko yote nitakayosema leo. Mpe mtu kitu mkononi, atajua aseme nini. Mpeni shuka akunje, mpeni samaki ampare, na maneno yatakuja. Mtu mwenye mikono mitupu hutoa hotuba, na hotuba ndizo zilizokuwa zikimfukuza mama yangu.

Jingine nililijua kwa Njeri. Njeri alikuwa Mkenya, mtu wa Nakuru, mpambaji wetu wa nyuso. Hilal alimtia mchezoni awe fundi wa saluni anapokwenda Bi Asya kusuka nywele, nami nikamwandikia Kiswahili safi cha Unguja. Wiki mbili alikivumilia. Ya tatu akanijia na brashi mkononi.

"Madam Raya, wenzangu wote kule Ruwi wako kwa simu wananiangalia. Lakini wananicheka. Wanauliza mbona naongea kama nimezaliwa Malindi."

"Kwani nini kibaya?"

"Si kibaya. Si mimi tu. Wacha niongee yangu."

Nikamwacha aongee yake, na Wakenya wa Ruwi na Wadi Kabir wakaanza kututazama, na wazee wa kwetu wakaanza kupiga simu kulalamika kwamba yule msichana anaharibu lugha. Na wale waliolalamika hawakukosa hata sehemu moja. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini anatazama kitu kinachomuudhi. Akanijibu kwamba anatazama ili aone kama tumejirekebisha.

Sasa nije kwenye habari ya eda, kwa sababu ndiyo mnayonisikia nikiitaja kila siku.

Ulifika wakati watazamaji wakaanza kutukimbia. Kila mtu ana simu, na ndani ya simu mna Wakorea, Waturuki, paka na wapishi. Papo hapo yule aliyecheza mume wa Bi Asya, Mzee Nassor, akapata kazi Dubai ya kuingiza sauti kwenye katuni. Hilal akakaa, akafikiri, akaniambia, "Bi Raya, muue." Nikamuua kwa upole. Nilimweka kwenye kochi baada ya sala ya alasiri, mkewe anamletea chai. Nikaandika: Asya anaingia na chai. Anamwita. Haitiki. Analia.

Tuliirikodi mara moja tu. Bi Moza aliingia na trei, akamwita mara mbili, akaiweka trei chini taratibu, akakaa kwenye sakafu karibu na miguu ya yule mwigizaji, akalia. Sijui nikuelezeni vipi. Hakupiga kelele wala hakujipiga kifua. Alilia kilio cha mtu ambaye hajui kama anatazamwa. Njeri alitoka nje, na mpiga picha alisahau kusimamisha kamera. Alipomaliza, Bi Moza alikwenda kunawa uso, akarudi akauliza kama wali umebaki. Nilibaki namtazama anavyokula. Sikufahamu.

Sehemu ile ilipotoka, nchi ilirudi kwetu. Watu walirikodi kile kilio wakakipeleka kwa ndugu zao Unguja, Mombasa, London. Hilal alikuwa akitembea kwa madaha mle boharini utadhani amelinunua. Ndipo tukafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

Mjue kwamba mchezo haurikodiwi kwa mpango ule ule unaotoka nao. Sehemu ya wiki ya pili yake tulikuwa tumeshairikodi zamani, kabla Nassor hajapata kazi Dubai. Ilikuwa harusi. Hilal akakata pale Nassor alipoonekana, akaiachia iende. Basi siku chache baada ya kuzikwa mumewe, Bi Asya akaonekana kwenye televisheni ya watu wote, dhahabu shingoni, wanja machoni, hina mpaka kwenye viwiko, anacheza ngoma katikati ya ukumbi. Mjane aliye ndani ya eda, ambaye kwetu humwita kizuka, hatoki nyumbani bila ya haja ya lazima, hajipambi, hajitii hata tone la manukato, kwa miezi minne na siku kumi. Karibu bohari zima lile Waislamu, kila mmoja ameshazika wake na kumwona mama au dada yake amekaa eda, na hakuna aliyekumbuka isipokuwa watazamaji.

Simu nilizipokea mimi. Mama mmoja wa Matrah hata salamu hakunipa. "Nyinyi hamna wazee?" akaniuliza. "Kizuka anacheza ngoma?"

"Bibi, huu ni mchezo."

"Kifo tulikilia. Kifo kilikuwa mchezo?"

Nikaiweka simu chini, nikaenda kumwambia Hilal.

Hilal akaamua kumrudisha Bi Asya ndani ya eda, na akae eda ya kweli, kwa kalenda, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuhesabu. Nilidhani ndio mwisho wetu. Utaandika nini juu ya mwanamke aliyekaa chumba kimoja miezi minne? Lakini kizuka haendi kwa watu, watu humjia, na kila anayeingia ana kitu mkononi. Mmoja kaleta uji na siri yake, mwingine kaleta udi ambao hauruhusiwi kuchomwa, akarudi nao. Njeri wa saluni alikuja kumsuka mikia miwili tu ya kulalia, na huku anamsuka akamwambia mambo ya nyumba nzima. Hatukuwahi kutazamwa kama tulivyotazamwa miezi ile, na hakuna magari yaliyogongana, hakuna mtoto aliyebadilishwa hospitali. Ni chumba tu na mkeka.

Aliyeumia ni Bi Moza. Alikwenda Matrah kununua samaki, muuzaji akaficha mizani. "Bi Asya, rudi nyumbani, eda haijakwisha. Tuma mtu aje." Majirani zake wa Darsait, wanaomjua kwa jina lake na la babake, wakimwona ametia hina wakinong'onezana. Mwishowe Njeri ndiye akimnunulia vitu sokoni. Bi Moza akaniambia, "Raya, nakaa eda mara mbili, kule na huku, na mume wangu yuko hai anadai chai."

Na mumewe hakuwa akicheka. Mzee Suleiman alistaafu bandarini, mtu wa maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Msikitini wenzake wakimwita marehemu. Kinyozi wake, mgeni asiyemjua vizuri, alimwona akitembea na Bi Moza siku moja, akamuuliza kama ndiye mposaji mpya. Sasa watazamaji nao walikuwa wamegawana mafungu mawili. Fungu moja linataka Bi Asya akitoka eda aolewe na jirani mmoja wa mchezoni, mwenye duka, jingine linasema akiolewa hawatutazami tena. Hilal akaamua aolewe. Habari ikafika Darsait kabla hatujaiandika, na Mzee Suleiman akasema siku ya Bi Asya kutoka eda ndiyo siku ya mwisho ya mkewe kwenda Wadi Kabir.

Bila ya Bi Moza tusingekuwa na mchezo, hilo hata mafundi wa magari walilijua. Lakini nilimfikiria yeye zaidi. Aliwahi kuniambia kwamba kabla ya lile birika alikuwa akipika chungu kizima cha wali, kisha anakumbuka kwamba wako wawili tu. Sikutaka arudi kwenye chungu kile. Hilal akanituma kwenda kumbembeleza mzee, kwa kuwa yeye mwenyewe akimwogopa.

Nilikaribishwa kwa halwa na kahawa. Bi Moza alikaa pembeni na dele la kahawa mkononi. Mzee Suleiman alisubiri nimalize kikombe.

"Bi Raya, nnajua kwamba umetumwa."

"Nimetumwa, Mzee Suleiman."

"Sitokugombeza. Nna swali moja. Kule kulia, siku aliyokufa yule bwana. Yale uliyaandika wewe?"

"Niliandika."

"Uliandika nini?"

"Niliandika 'Analia'."

"Na nini tena?"

"Basi. Neno hilo moja."

Alimgeukia mkewe. Sikumwona uso wake vizuri, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Nimekaa na wewe umri mzima, Moza. Nimekuona unamzika mama yako. Hukulia vile." Bi Moza akainuka na dele lake, akaenda jikoni, na kahawa bado ilikuwamo. Mzee akaniambia, "Umejionea. Mwambie Hilal atafute mtu mwingine." Nikaaga, nikatoka, nikasimama kwenye ngazi bila ya kujua nimeharibu au nimetengeneza.

Asubuhi yake Bi Moza akanipigia simu. "Kakubali," akasema. "Niendelee mpaka nichoke mwenyewe. Ila nisiolewe."

"Jana kakataa katakata. Umemwambia nini?"

"Ya nyumbani hayo, Raya. Andika mchezo wako."

Basi nikaandika. Bi Asya akaoshwa, akatoka eda, akatia wanja, jirani mwenye duka akaleta posa, na yeye akamrudishia kwa maneno mazuri. Na hapa, wanangu, ndipo kichwa kilipoanza kuniuma na hakijaacha. Wale waliokuwa wakitaka aolewe walipiga simu kutushukuru kwamba hakuolewa. Wale waliotishia kuacha kututazama akiolewa walilalamika kwamba tumemnyima mtoto wa watu bahati yake. Nikamweleza Hilal, akaniambia nimechanganya majina ya waliopiga. Sikuchanganya. Mchezo uliendelea miaka kadhaa baada ya hapo, ukahamia kwenye simu, ukawa vipande vifupi, Njeri akafungua saluni ya kweli Ruwi yenye picha ya saluni ya uongo mlangoni, na kila tulilolibahatisha likatufaulu na kila tulilolipangia likaanguka. Ukaisha siku Bi Moza alipochoka mwenyewe, kama alivyoruhusiwa.

Mwaka jana Mzee Suleiman alifariki. Alifariki kitandani, alfajiri, mkewe pembeni yake.

Nilikwenda na kukaa naye siku zote tatu za msiba. Chumba kilijaa wanawake, wengi wao hawajawahi kukanyaga nyumba ile, wamekuja kwa sababu ya Bi Asya. Na Bi Moza akakaa kwenye godoro chini, na nguo zake zisizo rangi, akipokea mikono ya watu, akiitikia dua, akiuliza waliotoka mbali kama wamekula. Hakutoa chozi. Siku ya kwanza nikasema ni mshituko. Siku ya pili nikaanza kumwangalia kwa wasiwasi. Siku ya tatu, baada ya kusomwa hitma, sahani zinazunguka, nikawasikia wawili nyuma yangu, na hawakujitaabisha kushusha sauti.

"Yule wa televisheni alimlilia mpaka na sisi tukalia."

"Na huyu wake wa halali, macho makavu."

Damu ilinipanda, na mimi mwenyewe kwa siri nilikuwa nikijiuliza hayo hayo. Nikamwinamia. "Moza, unawasikia?"

"Nnawasikia."

"Sifahamu, Moza. Miaka yote hii sifahamu."

Alipanga vizuri upindo wa mtandio wangu, kama vile mimi ndiye niliyefiwa. Akaniambia taratibu, "Siku ile uliponiandikia nilie, nilimtazama yule mtu pale kwenye kochi, nikashindwa. Nna nini na yeye? Nikamweka Suleiman. Nikamwona Suleiman wangu amekaa, chai inapoa, namwita haitiki. Nikamlilia yeye. Nilimlilia kilio chake chote, Raya, na mwenyewe yuko nyumbani, hai, kanikasirikia."

"Alijua?"

"Siku ile uliyokuja, ulipotoka tu alinifuata jikoni. Nikamwambia. Halafu akasema, basi mimi nishaliliwa, na nimejiona navyoliliwa, wangapi wamepata hilo? Siku yangu ikifika usinililie tena mbele za watu. Akanitaka nimuahidi."

Nikafuta macho. Wale wawili nyuma yangu walikuwa bado wanaendelea, sasa wamefika kwenye dhahabu na nani atakuja kumposa. Nikageuka niwaambie, niwaambie yote, nikiinuka hivi kwa goti moja. Bi Moza akanishika kifundo cha mkono akanikalisha.

"Kaa, Raya. Waache waseme," akaniambia. "Leo sichezi."